Sheikh Kaluta Amri Abedi: Mshairi katika Baraza la Mji wa Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili humfahamu Sheikh Kaluta Amri Abedi hasa kwa kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichotolewa mwaka 1954. Wanahistoria wa siasa humtaja kama Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Dar es Salaam, mwaka 1960. Wapenzi wa kandanda hulitamka jina lake kwa sababu ya uwanja wa michezo wa Arusha unaomkumbuka. Ni nadra kwa sura hizi kutazamwa kwa pamoja. Mhakiki wa ushairi huishia kwenye vina na mizani, naye mwanahistoria huishia kwenye cheo.

Makala haya yanasimulia maisha ya Amri kwa kuzingatia uhusiano uliopo kati ya kazi yake ya lugha na nafasi yake katika siasa za mji. Hoja inayotetewa ni kwamba katika nyanja zote mbili Amri alikabiliwa na swali moja, yaani nani ana haki ya kusema barazani, na haki hiyo huipata kwa nasaba, kwa mali, au kwa kutimiza kanuni zinazojulikana na wote? Neno diwani lenyewe hubeba swali hilo. Katika Kiswahili neno hili lina maana ya mkusanyiko wa mashairi, na pia maana ya mjumbe wa baraza la mji. Zamani, katika miji ya Mrima, lilikuwa jina la heshima la wakuu waliorithi ukuu wao. Amri alitunga diwani, na baadaye akawa kiongozi wa madiwani, pasipo kurithi chochote katika hayo.

2.0 Kutoka Ujiji hadi Tabora

Amri alizaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1924. Ujiji ulikuwa kituo cha mwisho cha njia ya misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora, na kwa sababu hiyo Uislamu na Kiswahili vilikuwa vimeota mizizi huko kabla ya ukoloni wa Wajerumani. Hata hivyo, mbele ya watu wa mwambao, mtu wa Ujiji alihesabiwa kuwa mtu wa bara. Jambo hili lina uzito katika maisha ya mshairi. Mamlaka ya ushairi yalikuwa yakihusishwa na Lamu, Mombasa, Pemba, Unguja na Tanga, ambako utunzi ulirithishwa katika familia na katika vyuo vya mashehe.

Alisoma Tabora, katika shule ya serikali iliyomlea pia Julius Nyerere na wengi wa wale waliokuja kuongoza Tanganyika huru. Tabora ndiko alikokutana na harakati za Ahmadiyya. Sheikh Mubarak Ahmad, mubashiri kutoka Bara Hindi, alikuwa amefika Afrika ya Mashariki mwaka 1934, na kuanzia mwaka 1936 jumuiya yake ilikuwa ikitoa gazeti la Kiswahili liitwalo Mapenzi ya Mungu. Amri alijiunga na jumuiya hiyo akiwa kijana, akawa mubashiri wake. Uamuzi huo ulimtenga na Waislamu wengi wa Tanganyika, ambao ni Wasuni wa madhehebu ya Shafi, kwani mashehe wao waliikataa Ahmadiyya. Kwa hiyo Amri alikuwa mgeni mara mbili, kwa asili yake ya bara na kwa imani ya wachache ndani ya dini ya wengi.

3.0 Tafsiri, Sheria na Diwani

Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa ya tafsiri. Alishirikiana na Sheikh Mubarak Ahmad na wenzake katika kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili, na tafsiri hiyo ikatolewa Nairobi mwaka 1953. Kabla yake ilikuwepo tafsiri ya Kasisi Godfrey Dale, ya mwaka 1923, iliyoandaliwa na mmisionari wa Kikristo. Tafsiri ya mwaka 1953 ilikuwa ya kwanza kamili kutolewa kwa Kiswahili na watu waliojitambulisha kuwa Waislamu, na ilizua upinzani mkali. Tafsiri kamili ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyotoka mwaka 1969, kwa sehemu ilikuwa jibu kwa kazi hiyo. Mabishano hayo yalihusu itikadi, lakini yalihusu pia mamlaka ya lugha: ni nani anayestahili kuyaleta maneno matakatifu katika Kiswahili?

Mwaka uliofuata ulitoka mwongozo wake wa ushairi. Ndani yake Amri alieleza vina, mizani, mishororo na beti, na namna mtungaji anavyopaswa kuijua lugha kabla ya kushika kalamu. Kwake, shairi ni utungo wa kuimbwa, na utungo usioimbika kwa kukosa urari haustahili jina hilo. Baadaye, hasa katika miaka ya 1970, wanamapokeo walikitumia kitabu hiki kama ngao dhidi ya washairi wa mkondo mpya, akina Kezilahabi, Mulokozi na Kahigi. Katika mabishano hayo Amri aligeuka kuwa alama ya uhafidhina, naye alikuwa amekwisha kufariki na hakuweza kujieleza.

Hata hivyo, usomaji huo hauzingatii mazingira ya mwaka 1954. Kanuni zilizokuwa zikipokewa kwa mdomo kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi, sasa ziliwekwa katika kitabu ambacho karani wa Mwanza au mwalimu wa Dodoma angeweza kukinunua. Magazeti kama Mambo Leo yalikuwa yamekwisha kuwapatia watungaji wa bara uwanja wa kuchapisha, na Amri aliwapatia kipimo. Aliyetimiza kipimo hicho hakulazimika kutaja kwao wala ukoo wake. Ni kweli kwamba kanuni iliyoandikwa huzuia kama inavyoruhusu, na waliokataa vina walijikuta nje ya mlango. Lakini mlango huo ulikuwa umefunguliwa kwa wengi ambao hapo awali hawakuwa na mlango wowote.

Katikati ya miaka ya 1950 Amri alikwenda Rabwah, Pakistan, kwa masomo ya dini katika chuo cha jumuiya yake. Aliporejea alizikuta siasa za Tanganyika zimebadilika. TANU ilikuwa imeundwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, na ilikuwa ikienea kwa kasi mitaani.

4.0 Mji wa Dar es Salaam na Baraza Lake

Mji huo ulikuwa umejengwa juu ya ubaguzi. Tangu enzi za Wajerumani, kanuni za ujenzi ziliugawa mji katika sehemu tatu, ambazo wenyeji waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kariakoo, iliyopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi cha Vita Kuu ya Kwanza, ndiyo iliyokuwa moyo wa sehemu ya Waafrika. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilijenga nyumba za Waafrika Ilala, Temeke na Magomeni, lakini ujenzi haukulingana na ongezeko la watu. Sensa ya mwaka 1948 ilihesabu watu wapatao 69,000, na ile ya mwaka 1957 ikahesabu karibu 129,000.

Dar es Salaam ilipewa hadhi ya manispaa mwaka 1949. Baraza lake lilisimamia usafi, masoko, barabara, taa na leseni, likitegemea kwa kiasi kikubwa kodi za majengo. Madiwani wa mwanzo waliteuliwa na serikali, na Waafrika miongoni mwao walikuwa wachache. Umeya ulishikwa na Wazungu na Waasia, akiwemo Abdulkarim Karimjee, aliyekuja kuwa Spika wa Baraza la Kutunga Sheria. Fikra iliyotawala ilikuwa kwamba anayestahili kuamua mambo ya mji ni yule mwenye mali mjini. Kwa fikra hiyo mpangaji wa chumba kimoja Kariakoo, ambaye mtaro uliojaa ulikuwa mbele ya mlango wake, hakuwa na sauti.

Siasa za mtaa, hata hivyo, zilikuwapo nje ya baraza rasmi. Katika miaka ya 1940 serikali ilijaribu kuanzisha mabaraza ya kata kwa ajili ya Waafrika, lakini hayakupewa madaraka ya kutosha wala hayakupata imani ya watu. Uhai wa kisiasa ulikuwa vibarazani, misikitini, katika vilabu vya kandanda na katika vikundi vya ngoma. TANU ilifaulu kwa sababu ilijenga juu ya mitandao hiyo. Wazee wa mji walikusanywa katika Baraza la Wazee, na Bibi Titi Mohamed aliingiza maelfu ya wanawake chamani kwa kupitia vikundi vyao vya lelemama. Mashairi nayo yalikuwa sehemu ya kazi hiyo, kwani utenzi na shairi vilifika palipokuwa na mtu mmoja tu ajuaye kusoma.

5.0 Meya Mwafrika wa Kwanza

Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa mwaka 1958 na 1959 serikali iliweka masharti ya kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. TANU, baada ya mjadala mzito katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, ilikubali kushiriki, na wagombea iliowaunga mkono wakashinda. Tangu hapo haikuwezekana tena kudai kwamba mji mkuu ungeendelea kusimamiwa na walioteuliwa. Mwaka 1960 Baraza la Manispaa la Dar es Salaam lilipata meya Mwafrika kwa mara ya kwanza, naye ni Amri Abedi.

Kwa utaratibu wa manispaa, meya hakuchaguliwa moja kwa moja na wananchi, bali na madiwani. Aliongoza vikao na kuuwakilisha mji, ilhali shughuli za kila siku zilikuwa mikononi mwa Karani wa Mji na maofisa wake. Kwa hiyo si sahihi kukitazama cheo hicho kana kwamba kilimpa Amri uwezo wa kuubadili mji atakavyo. Ardhi ilikuwa chini ya serikali kuu, na mapato yalitegemea majengo ambayo mengi yalikuwa Uhindini na Uzunguni. Uzito wa tukio ulikuwa katika maana yake. Kiti cha mbele cha baraza lililokuwa limewaweka Waafrika pembeni kilikaliwa na mtu wa Ujiji.

Mazingira ya kidini ya wakati huo yanaliongezea tukio hilo uzito. Kilikuwa kimeanzishwa chama cha AMNUT, kilichotaka uhuru ucheleweshwe hadi Waislamu wapate elimu ya kuwawezesha kushindana na wengine. Wazee wa TANU, ambao wengi wao walikuwa Waislamu, waliukataa msimamo huo. Katika mji ambao Waafrika wake wengi walikuwa Waislamu wa Kisuni, umeya ulimwendea shehe wa jumuiya ambayo mashehe wengi wa mji huo waliipinga. Tukio hili halithibitishi kwamba tofauti za madhehebu zilikwisha. Linaonyesha kwamba kipimo cha uanachama na utumishi kilikuwa kimepata nguvu ya kutosha kukishinda kipimo cha madhehebu, angalau katika ukumbi wa baraza.

6.0 Kutoka Baraza la Mji hadi Baraza la Mawaziri

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mwezi huohuo Dar es Salaam ikapewa hadhi ya jiji. Amri, ambaye pia alikuwa mbunge wa Kigoma, aliitumikia serikali kama mkuu wa Jimbo la Magharibi kabla ya kuteuliwa Waziri wa Sheria mwaka 1963. Mwaka huo ndio ilipopitishwa sheria ya mahakama za mahakimu, iliyounganisha mahakama za wenyeji na zile za serikali katika mfumo mmoja. Mfumo huo uliihitaji lugha ambayo hakimu wa mahakama ya mwanzo na mdai wangeielewa sawasawa. Mtungaji wa sheria za mashairi alijikuta akisimamia sheria za nchi, na katika kazi zote mbili suala lilikuwa ni kuweka kanuni mahali ambapo kila mtu anaweza kuzisoma.

Mwaka 1964, baada ya Muungano, alikabidhiwa wizara ya Maendeleo na Utamaduni wa Taifa. Hakupewa muda mrefu. Alifariki Oktoba 1964 huko Ujerumani Magharibi, akiwa na umri wa miaka 40.

7.0 Hitimisho

Baraza aliloliongoza Amri halikudumu katika sura ile. Mamlaka ya miji yalifutwa katika mpango wa madaraka mikoani wa miaka ya 1970, yakarudishwa mwaka 1978. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa na nafasi yake kushikwa na Tume, kabla ya jiji kugawanywa katika manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke mwaka 2000. Mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa tena, na hadhi ya jiji ikapewa Ilala. Kila mara swali lililojitokeza ni lilelile la mwaka 1960: sauti ya mkazi wa kata inatokana na kura yake, au ni dhamana inayotolewa na kuondolewa na walio juu yake?

Maisha ya Amri hayalijibu swali hilo kikamilifu. Yanaonyesha tu kwamba mtu asiye na nasaba ya pwani, wala mali mjini, wala madhehebu ya wengi, aliweza kushika nafasi ya mbele katika ushairi na katika baraza la mji kwa sababu kanuni za kuingia zilikuwa zimeanza kuwekwa wazi. Wahakiki wanaomtaja kama mlinzi wa vina na mizani hawakosei, ila wanaliona nusu ya jambo. Kanuni alizoziandika zilikuwa pia hati ya kuwaingizia barazani waliokuwa wamesimama nje, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao.