William Farrer

William James Farrer (3 Aprili 1845 – 16 Aprili 1906) alikuwa mzalishaji wa mbegu za ngano nchini Australia. Anakumbukwa hasa kwa aina ya ngano iitwayo Federation.

Maisha

Alizaliwa Westmorland, Uingereza, akiwa mtoto wa mkulima. Alihitimu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, lakini ugonjwa wa kifua kikuu ulimfanya ahamie Australia mwaka 1870 kutafuta hewa kavu. Alifanya kazi ya ualimu wa nyumbani, kisha akawa mpima ardhi wa serikali ya New South Wales hadi 1886. Mwaka 1882 alimwoa Nina de Salis. Walikaa Lambrigg, kando ya mto Murrumbidgee, karibu na mahali ulipo leo mji wa Canberra.

Kazi

Wakati huo wakulima walipanda ngano za asili ya Uingereza, zilizochelewa kukomaa. Kutu ya ngano, ugonjwa unaosababishwa na kuvu, ilizikuta zikiwa bado mbichi; shina lilijaa vumbi jekundu na punje zikasinyaa. Farrer aliamini kwamba kinga inaweza kurithishwa kutoka ngano moja hadi nyingine. Wapo waliomcheka.

Alianza kuchanganya mbegu kwa mkono: aliondoa stameni za ua moja, akalipaka chavua ya aina nyingine, kisha akachagua mimea bora katika vizazi vilivyofuata. Alitumia ngano za Kanada na Uhindi, na kwa miaka mingi gharama zilitoka mfukoni mwake. Alifanya hayo kabla kanuni za Mendel hazijagunduliwa upya mwaka 1900. Mkemia F. B. Guthrie alimsaidia kupima ubora wa unga kwa punje chache tu. Serikali ilimwajiri mwaka 1898.

Federation ilitolewa mwaka 1901. Kwa kweli ngano hiyo haikuwa na kinga kamili dhidi ya kutu. Iliponea kwa kukomaa mapema, kabla ugonjwa haujaenea. Masuke yake ya kahawia na shina lake fupi havikuwapendeza wakulima mwanzoni, lakini ilistahimili ukame na kuzaa sana, hata ikawa ngano iliyopandwa zaidi Australia kuanzia 1910 hivi hadi 1925.

Farrer hakuyaona hayo. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo, akazikwa Lambrigg. Sura yake iliwekwa kwenye noti ya dola 2 ya Australia mwaka 1966.