Sheikh Abdallah Saleh Farsy na Mwezi wa Qur'ani



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.) aliyetufikisha tena mwezi huu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ukiingia misikiti yetu ya huku Mlima Kenya, iwe ya Nyeri, Karatina, Nanyuki, Murang'a, Embu au Meru, nenda kwenye kabati la misahafu uangalie vizuri. Baina ya misahafu ya Kiarabu mitupu mara nyingi utakuta kitabu kimoja kinene ambacho mgongo wake umelegea kwa kushikwa. Ndani mna aya za Kiarabu, mna Kiswahili chake, na chini ya ukurasa mna maelezo kwa herufi ndogo. Hicho ndicho Qurani Takatifu cha Sheikh Abdallah Saleh Farsy. Ramadhani ikiingia kinatoka kabatini kila siku, maana mwezi huu ndio mwezi wa Qur'ani. Lakini hebu waulize vijana kumi, huyu Farsy alikuwa nani? Watakuambia ni sheikh wa pwani, basi. Ndiyo maana nimeona nikusimulie habari zake.

Alizaliwa Unguja mwaka wa 1912. Wakati huo Zanzibar ilikuwa na Sultani wake, Sayyid Khalifa bin Harub, chini ya himaya ya Waingereza, na mji ulikuwa umejaa wanavyuoni. Walikuwako wa asili ya Hadhramaut, wa Ngazija, wa Barawa na wa Lamu, na darsa zilikuwa hazikatiki. Kijana Abdallah alikulia humo. Miongoni mwa walimu wake walikuwa Sheikh Abubakar bin Abdallah Bakathir na Sayyid Omar bin Sumeit, ambaye alikuwa mmoja wa makadhi wakubwa wa Zanzibar. Alisoma fiqhi ya Imam Shafi, Kiarabu, hadithi na tafsiri kwa ile njia ya zamani ya kukaa chini mbele ya sheikh, kitabu baada ya kitabu, miaka na miaka. Sisi wa leo tukisikiliza mawaidha matatu kwenye simu tunajiona tumeshaiva!

Kuna jambo moja ambalo watu hulipita haraka wakisimulia maisha yake. Sheikh alikuwa pia mwalimu wa shule, mwalimu wa chaki na ubao. Alisomea ualimu, akafundisha, kisha akawa mkaguzi wa masomo ya dini katika shule za msingi za Unguja na Pemba. Mimi naona kazi hii ndiyo iliyomtengeneza. Mkaguzi huzunguka. Huingia darasa hili na lile, husikiliza watoto wakisoma. Na wewe uliyepita madrasa unajua anachokisikia huko: mtoto anateremka na sura kama maji, makharija yako sawa, ghuna ziko sawa, lakini ukimuuliza aya inasema nini anakutazama tu. Usinielewe vibaya. Kusoma Qur'ani hata bila kufahamu kuna thawabu, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila herufi ina malipo yake. Lakini kitabu chenyewe kinajieleza kuwa ni uwongofu kwa watu, na mtu ataongozwaje na maneno asiyoyajua?

Basi nani angewaambia Waswahili Qur'ani inasema nini? Tafsiri nzima ya kwanza ya Kiswahili ilitolewa mwaka wa 1923, na aliyeifanya ni padri, Godfrey Dale, mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa Zanzibar. Fikiria, ndugu yangu. Muislamu wa pwani akitaka kuisoma Qur'ani yote kwa lugha yake ilimbidi akaisome kwa kalamu ya mtu asiyeiamini. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianza tafsiri yake, lakini alifariki mwaka wa 1947, akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na kazi hajaimaliza. Mwaka wa 1953 Maahmadiyya nao wakachapisha yao kutoka Nairobi. Sheikh Farsy hakuridhika na ya Dale wala hii, akaandika kuzipinga zote mbili. Kupinga ni rahisi lakini, hata sisi tunaweza. Yeye akakaa akaifanya kazi.

Tangu miaka ya 1950 akawa anatoa tafsiri yake kidogo kidogo, sura hii leo, juzuu ile kesho, kwa vijitabu ambavyo mtu wa kawaida aliweza kuvinunua. Kitabu kizima kilitoka mwaka wa 1969, kikachapishwa na Islamic Foundation ya Nairobi. Ni karibu miaka ishirini hiyo, na katikati yake nchi yake ikapinduliwa. Palikuwa pia na watu waliohofia kwamba Kiswahili kitawafanya Waislamu waiache Qur'ani yenyewe. Kiarabu hakikuondolewa, kimebaki palepale ubavuni mwa Kiswahili, na anayetaka thawabu za herufi hajanyimwa kitu.

Sasa nataka ukijaribu kitabu hicho wewe mwenyewe, usiku wa leo ukitoka tarawehe. Fungua Sura ya Al-Baqara, aya ya 183, usisimame mpaka 188. Zile za mwanzo unazijua kwa sababu kila khatibu huzisoma: kwamba funga imefaradhiwa kwetu kama walivyofaradhiwa waliotutangulia, na kwamba makusudio yake ni takwa, yaani mtu aishi akijua kwamba Mola wake anamwona. Kisha zinakuja ruhusa za mgonjwa na msafiri, na habari ya kuteremshwa Qur'ani mwezi huu. Halafu aya ya 186 inakushtua kidogo, maana haitaji njaa wala daku. Inasema tu kwamba Allah yuko karibu na anamjibu anayemwomba. Imewekwa katikati ya hukumu za funga kama mtu aliyesimamisha mazungumzo ili akunong'oneze jambo. Baada yake hukumu zinaendelea, usiku na alfajiri, mume na mke, itikafu.

Wengi hufunga msahafu hapo. Wewe soma na ya 188. Inakataza watu kula mali za wenzao kwa batili, na kuzipeleka kwa mahakimu ili wale sehemu ya mali ya watu kwa dhambi na hali wanajua. Aya hii imekuja mara tu baada ya aya za funga! Mchana wa Ramadhani tumeambiwa tuache chakula chetu wenyewe, cha halali, kisha papo hapo tunakumbushwa chakula ambacho hakina magharibi ya kukihalalisha.

Nakwambia, kwa watu wa huku kwetu aya hii ni nzito kuliko njaa. Sisi Mola ametupunguzia. Mstari wa ikweta unapita Nanyuki pale, mchana wetu ni uleule mwaka mzima, na kutoka alfajiri mpaka magharibi ni saa kumi na tatu na kitu. Ndugu zetu walioko Uingereza, Ramadhani ikiwaangukia Juni wanafunga saa kumi na nane na zaidi. Sisi hata kiu haitusumbui sana, hasa mwezi ukiangukia gathano, ukungu umeshuka na mtu anafuturu uji wa moto huku amejifunga blanketi. Lakini mashamba, bwana! Ndugu wawili wanafuturu sufuria moja, wanasimama safu moja ya tarawehe, na faili ya shamba la marehemu baba yao iko kortini, mmoja anajua wazi kwamba kipande kile si chake. Dada yao hata hajahesabiwa, ati kwa kuwa ameolewa. Huyo amefunga nini?

Sheikh Farsy mwenyewe alikuwa mtu wa kukaa na kesi kama hizo. Mwaka wa 1960 alifanywa Kadhi wa Zanzibar. Mapinduzi ya Januari 1964 yakamkuta kazini, akaendelea kwa muda, na mwaka wa 1967 akaondoka kuja Kenya. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Mwaka wa 1968 akashika ukadhi mkuu wa Kenya mjini Mombasa, baada ya Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, akaushika mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sheria ya Mahakama za Kadhi ilikuwa ndiyo kwanza imepitishwa, mwaka wa 1967. Kabla ya uhuru mahakama hizo zilikuwa hasa za ukanda wa pwani. Leo hata hapa Nyeri kuna Mahakama ya Kadhi, na mirathi na talaka zinasikizwa bila ya mtu kuteremka Mombasa.

Na kitabu chake kilifika huku kikakuta watu wanaokihitaji. Unajua Uislamu ulivyopanda mlimani: serikali ya kikoloni ilijenga vituo vyake, Fort Hall (ndiyo Murang'a) mwaka wa 1900, Nyeri 1902, Embu 1906, Meru 1908, na pamoja na askari na wapagazi wakaja wafanyabiashara Waislamu. Vijiji vyao ndivyo vilivyozaa Majengo zetu. Waliosilimu huko walikuwa Wakikuyu, Waembu na Wameru, na lugha ya msikiti wao ikawa Kiswahili. Kiarabu kilikuwa lugha ya tatu, na kwa wengi hakikufika. Kwa mzee kama huyo, tafsiri ya Kiswahili haikuwa kitu cha kuongezea elimu. Ilikuwa ndiyo mara yake ya kwanza kuisikia Qur'ani ikisema naye.

Sitaki umdhanie kwamba alikuwa mtu wa kupendwa na kila mmoja. Katika ujana wake Unguja alihudhuria maulidi kama wenzake na aliyapenda. Umri ulivyokwenda, na hasa alipokuwa Mombasa, akabadilika, akaona kwamba mambo mengi ambayo watu wameyashika kama dini hayana dalili. Mwaka wa 1977 akatoa vitabu vyake vya Bid-a. Maneno yakawa mengi. Wanavyuoni waliomheshimu wakamjibu, na makali, na mjadala ule haujesha hata leo. Wewe unaweza kuwa upande huu au ule, mimi hapa simo katika kukuamulia. Ninachokitazama ni mtu mwenye cheo, aliyepita miaka sitini, anayesema hadharani kinyume cha alichokizoea, na anajua ni marafiki gani atawapoteza.

Kisha kuna kitabu kingine, ambacho wanaompenda na wasiompenda wote hukisahau. Kinaitwa Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, na kilitolewa Mombasa mwaka wa 1972. Humo amewakusanya masheikh wa pwani, walimu wao na wanafunzi wao, na wengi wao ni watu wa zile zile nyiradi na maulidi. Amewaandika kwa adabu, akataja elimu yao na uchamungu wao. Huku kwetu kila Ramadhani tunagombana: tarawehe ni nane au ni ishirini, mwezi tuufuate wa Makka au tuutafute wenyewe, na usiku wa pili tu kuna watu hawasalimiani mlangoni mwa msikiti. Huyo Sheikh aliyekuwa mkali kuliko sisi, na mwenye elimu tusiyoifikia, aliwarehemu aliohitilafiana nao na kuwahifadhi kitabuni wasije wakapotea.

Alipouacha ukadhi alikwenda Oman, nchi ya asili ya wazee wake, na hakukaa sana. Alifariki Muscat mwaka wa 1982 akiwa na miaka sabini. Baada yake zimekuja tafsiri nyingine, na iliyo maarufu zaidi ni ya Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani, mwanasiasa wa Zanzibar aliyepita jela na uhamishoni, iliyochapishwa mwaka wa 1995. Ukizipata zote mbili ziweke pamoja ulinganishe, kumi hili la mwisho lina usiku mrefu wa kutosha. Na ukifika kwenye dua, mtaje na Sheikh Abdallah. Allah amrehemu, ailaze roho yake pema, na atukubalie sisi na yeye. Amin.