Mtunza Bustani Aliyejenga Jumba la Vioo

Wahenga walinena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi huyu nilidharau mwiba wa nyumbani kwetu. Baba yangu ni mtunza bustani ya manispaa. Nilipoingia Kidato cha Kwanza wenzangu wakaniuliza kazi yake, nami nikajibu eti ni karani. Uongo huo niliubeba miaka miwili, hadi nilipokutana na Joseph Paxton katika kitabu maktabani.

Paxton alizaliwa tarehe 3 Agosti, 1803 katika kijiji cha Milton Bryan, Uingereza, katika familia kubwa ya wakulima. Kumbe naye alidanganya! Alipotafuta kazi katika bustani ya Chiswick, London, alijiongezea miaka ili aandikwe. Lakini yeye alidanganya ili aipate kazi ya bustani, si ili aikimbie kama mimi.

Jirani wa bustani hiyo alikuwa kabaila tajiri, Duke wa Devonshire. Alipendezwa na bidii ya kijana huyo, na mwaka 1826 akamfanya mkuu wa bustani zake huko Chatsworth. Mwenyewe alisimulia kwamba alifika alfajiri, lango bado limefungwa, akapanda ukuta akaingia. Kufikia saa kumi na mbili asubuhi alikuwa ameshawapa vibarua kazi!

Mwaka 1847 bustani aliyoichora ilifunguliwa katika mji wa Birkenhead. Mahali hapo palikuwa kinamasi. Paxton aliyakusanya maji katika maziwa mawili, na udongo uliochimbwa akaufanya vilima. Ilijengwa kwa pesa za mji, na mtu yeyote aliingia bure. Mwaka 1850 Mmarekani Frederick Law Olmsted aliitembelea, akastaajabu kuona maskini na tajiri wakipunga upepo pamoja. Baadaye yeye na mwenzake Vaux wakaichora Central Park ya New York.

Sasa sikieni habari za yungiyungi. Katika mito ya Amerika ya Kusini kuna yungiyungi ambalo jani lake hupita upana wa mita moja u nusu. Waingereza walilipa jina la Malkia Victoria, lakini huko kwao lilikataa kuchanua. Mwaka 1849 Paxton alipewa mche mmoja. Alilijengea bwawa ndani ya nyumba ya vioo, akayapasha maji moto kwa mabomba, na kuweka magurudumu madogo ya kuyakoroga ili yasitulie, kama mtoni. Mnamo Novemba ua likachanua. Bintiye mdogo, Annie, alisimamishwa juu ya jani, wala halikuzama!

Paxton aliligeuza jani akaona siri yake: mbavu nene zinazotoka katikati, na nyembamba zinazoziunganisha. Hakuwa amesomea ujenzi, lakini somo hilo lilimtosha. Mwaka 1850 London ilitafuta ramani ya jumba la maonyesho ya dunia. Ramani 245 zilikataliwa. Paxton akachora yake ya chuma na vioo, na mwaka 1851 jumba likafunguliwa, refu zaidi ya nusu kilomita. Watu zaidi ya milioni sita waliingia. Mwaka uo huo Malkia akampa cheo cha Sir.

Hata bustani ya umma ya Kew ilijenga nyumba ya yungiyungi hilo mwaka 1852, nayo ingali imesimama. Paxton alifariki tarehe 8 Juni, 1865. Jumba lake liliteketea kwa moto mwaka 1936, lakini bustani ya Birkenhead ipo hadi leo.

Likizo iliyopita nilimfuata baba kazini. Kuna kidimbwi cha mayungiyungi madogo ya buluu. Tulivua viatu tukazoa tope. Nikaligeuza jani moja, nikamwonyesha mbavu zake na kumsimulia habari za Paxton. Baba alicheka, akasema mbavu hizo anazijua miaka mingi, ila hakuna aliyewahi kumwuliza.

Muhula huu tulijaza fomu nyingine. Mahali pa kazi ya mzazi niliandika kwa herufi kubwa: MTUNZA BUSTANI.