Alexander Graham Bell: mtu wa simu aliyetafuta risasi ndani ya mwili wa Raisi

Mchimbaji wa Kamituga, Misisi ama Mongbwalu anayetaka kununua detekta ya dhahabu mara nyingi huishia kwenye ile iliyokwisha kupita mikononi mwa wengine, maana mpya yenye nguvu inauzwa kwa maelfu ya dola. Anaiwasha mbele ya muuzaji, inalia vizuri. Anafika nayo porini, inalia kila mahali ama inanyamaza kabisa. Shida hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 140. Mmoja wa watu wa kwanza kuipata, tena mbele ya macho ya nchi nzima, alikuwa Alexander Graham Bell, yule yule wa simu. Yeye hakutafuta dhahabu. Alitafuta risasi moja ndani ya mwili wa Raisi wa Marekani.

Bell alizaliwa tarehe 3 mwezi wa tatu 1847 mjini Edinburgh, Scotland. Kwao walikuwa watu wa sauti. Baba yake alifundisha watu kutamka maneno, na alibuni alama za kuandika jinsi ulimi na midomo vinavyokaa mtu anaposema. Mama yake alipoteza usikivu, na kijana alizoea kusema naye kwa sauti nzito ya chini karibu na paji la uso, ili mtetemo umfikie. Kisha kifua kikuu kikaingia nyumbani. Kiliwaua ndugu zake wawili, na mwaka 1870 wazazi walimchukua mtoto mmoja aliyebaki, naye akiwa mdhaifu, wakahamia Brantford, Canada, kutafuta hewa safi.

Mwaka uliofuata alienda Boston kufundisha viziwi. Hiyo ndiyo kazi aliyojihesabia kuwa yake mpaka mwisho, hata alipokuwa tajiri. Mwanafunzi wake mmoja, Mabel Hubbard, aliyekuwa kiziwi tangu umri wa miaka mitano, akawa mke wake mwaka 1877. Mchana alifundisha, usiku alijifungia na nyaya pamoja na fundi kijana, Thomas Watson. Tarehe 7 mwezi wa tatu 1876 alipewa hati ya uvumbuzi namba 174,465, na siku tatu baadaye Watson, akiwa chumba kingine, alisikia maneno ya Bell kupitia waya. Mvumbuzi mwingine, Elisha Gray, alikuwa amepeleka karatasi zake ofisini siku moja na Bell. Kesi zilidumu miaka mingi. Mahakama zilimpa Bell haki, lakini ubishi haujaisha hata leo.

Mwaka 1880 Ufaransa ilimpa tuzo ya Volta, franga 50,000. Hakujenga jumba la fahari. Alifungua maabara mjini Washington na kumwajiri fundi hodari, Charles Sumner Tainter.

Siku ya posho, tarehe 2 mwezi wa saba 1881, Raisi James Garfield alikuwa kwenye stesheni ya gari moshi ya Washington. Alikuwa na miezi minne tu madarakani. Charles Guiteau, mtu aliyejiona amenyimwa kazi serikalini, alimpiga risasi mbili kwa nyuma. Moja ilimkwaruza mkono, ya pili iliingia mgongoni na kubaki ndani. Mashini ya kupiga picha za mifupa ilikuwa bado miaka 14. Waganga waliingiza vidole na vyuma kwenye kidonda kuitafuta risasi, bila kunawa mikono, ijapokuwa mafundisho ya Joseph Lister kuhusu usafi wa vidonda yalikuwa yamekwisha kufika Marekani. Mkubwa wao, Willard Bliss, alikata shauri kwamba risasi iko upande wa kulia, na akalitangaza neno hilo.

Bell aliposoma habari alikumbuka jambo. Miaka minne nyuma, alipokuwa akipigana na makelele kwenye waya za simu, aliona kwamba mizingo miwili ya waya ikipangwa vizuri, umeme wa mmoja unafuta ule wa mwingine na simu inanyamaza. Chuma kikisogezwa karibu, usawa unavunjika, sauti inarudi. David Hughes huko Uingereza naye alikuwa ametengeneza mizani ya namna hiyo. Bell akajiuliza: kwa nini risasi isivunje ukimya huo?

Yeye na Tainter walifanya kazi mchana na usiku katika joto kali la Washington. Walijaribu mashini kwenye kipande cha nyama ya ng'ombe kilichofichwa risasi. Wakawaita wanajeshi wa zamani waliokuwa bado na risasi za vita mwilini, na mashini ikazionyesha. Hapo Bell alifanya jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau: aliijaribu mashini kwa kitu chenye ukubwa wa kile anachokitafuta, kikiwa kimezungukwa na kitu kinachofanana na mahali kitakapokuwa.

Tarehe 26 mwezi wa saba alipelekwa kitandani kwa Raisi. Mashini ilikoroma na nguvu yake ilipungua sana. Baadaye aligundua kwamba kifaa kimoja, kondensa, kilikuwa hakikuunganishwa sawasawa. Kosa la waya, basi. Tarehe 1 mwezi wa nane alirudi. Safari hii mashini ilikuwa nzima, lakini Bliss alisimamia apime upande wa kulia tu. Ikatoka sauti hafifu, iliyoenea sehemu kubwa, bila mahali pamoja penye nguvu. Kwa Bliss ilitosha: akaitangaza kuwa uthibitisho wa neno lake. Bell hakutulia. Aliuliza kama vyuma vyote viliondolewa karibu na kitanda, na kesho yake akaambiwa kwamba chini ya godoro la juu kulikuwa na godoro lingine la nyaya za chuma.

Wanahistoria wanabishana godoro lile lilichangia kiasi gani. Kuhusu upande hakuna ubishi. Garfield alikufa tarehe 19 mwezi wa tisa, na waganga walipofungua mwili walikuta risasi upande wa kushoto, mbali na pale Bell aliporuhusiwa kupima. Isitoshe, risasi yenyewe haikuwa imegusa kitu cha kumuua haraka. Usaha ulioletwa na mikono michafu ndio uliommaliza.

Magazeti mengine yalimcheka Bell. Kwa haki, aliyestahili lawama ni yule aliyeamua jibu kabla ya kipimo.

Mashini za leo za kutafuta dhahabu ni watoto wa mizani ile. Katika miaka ya 1930 Gerhard Fischer, Mjerumani aliyehamia California, aliona kwamba vyombo vya redio vya kuongozea ndege vinadanganywa na vyuma na miamba yenye madini. Mwaka 1937 akapata hati ya detekta ya kubebwa mkononi. Wakati wa vita kuu ya pili majeshi yalizitumia kutafuta mabomu ya ardhini. Hata hivyo, mtu anayenunua iliyotumika leo huko Bunia ama Bukavu anakutana na mambo matatu yale yale ya Bell.

La kwanza ni waya. Shika kamba inayotoka kwenye sahani ya chini, itikise taratibu pale inapoingia kwenye sahani na pale inapoingia kwenye kisanduku. Ikilia bila chuma karibu, waya umekatika ndani. Fungua mahali pa betri. Kutu ya kijani ni dalili kwamba iliwekwa muda mrefu bila kazi ama maji yaliingia.

La pili ni godoro. Usiijaribu ndani ya nyumba yenye sima, maana chini mna vyuma, wala juu ya meza yenye misumari. Vua mkanda na saa, weka mbali simu, panga na viatu vyenye chuma puani. Ardhi nyekundu ya kwetu nayo ni godoro la namna yake: imejaa chuma, na mashini isiyosawazishwa na udongo italia popote. Inua na kushusha sahani juu ya mahali pasipo kitu huku ukirekebisha, mpaka sauti isibadilike. Ikikataa kabisa kusawazika, ujue unauziwa tabu. Nyaya za umeme zinazopita juu, ama detekta nyingine inayofanya kazi jirani, pia huileta kelele.

La tatu ni Bliss, yaani muuzaji anayekuchagulia mahali pa kupima. Anaweka sarafu kubwa juu ya majani, mashini inapiga kelele, wewe unatoa dola. Chagua mahali mwenyewe. Njoo na punje yako ya dhahabu, ama kipande kidogo cha risasi ya nyavu chenye ukubwa huo, kifukie, kisha pitisha sahani. Punje ndogo husikika kwenye kina cha sentimita chache tu. Na kama dhahabu ya mtoni kwenu ni unga, fedha hiyo afadhali uitie kwenye karai na ubao wa kuoshea mchanga, kwa sababu detekta haisikii unga.

Tena kuna jambo ambalo Bell hakulijua: udongo wetu una vita ndani yake. Mashini inasema chuma, haisemi dhahabu, na katika Ituri na Kivu maganda ya risasi ni mengi. Ukichimba na kukuta kitu chenye umbo la bomu, usikiguse, weka alama, ondoka, wajulishe wenye mamlaka.

Kiangazi kile cha 1881 Bell naye alipata msiba wake. Tarehe 15 mwezi wa nane mke wake alizaa mtoto wa kiume kabla ya wakati, Edward, ambaye alishindwa kupumua na kufa siku hiyo hiyo. Baba akabuni koti la chuma la kusaidia kifua kupanda na kushuka, mtangulizi wa mashini za kupumulia zilizokuja baadaye. Mizani yake pia hakuiacha. Aliendelea kuirekebisha, akaongeza sindano iliyounganishwa na simu ambayo ililia ikigusa risasi, na waganga waliitumia vidonda mpaka picha za mifupa zilipofika.

Hakuwa mtu asiye na lawama. Alipinga lugha ya ishara mashuleni, na mwaka 1883 aliandika akionya juu ya viziwi kuoana wao kwa wao. Viziwi wengi hawajamsamehe, na wana sababu. Upande wa pili, familia ya Helen Keller, mtoto kipofu na kiziwi, ilimwendea, naye akawaonyesha njia ya kumpata mwalimu; urafiki wao ulidumu maisha yote.

Uzeeni alihamia kwenye ndege. Silver Dart, iliyotengenezwa na kikundi chake, iliruka huko Baddeck, Canada, tarehe 23 mwezi wa pili 1909. Mwaka 1919 mashua yake yenye mabawa ya majini ilipita kilometa 110 kwa saa.

Alikufa hapo Baddeck tarehe 2 mwezi wa nane 1922, akiwa na miaka 75. Siku mbili baadaye, wakati wa mazishi, simu zote za Marekani na Canada zilinyamazishwa kwa dakika moja.