Siti binti Saad: wimbo uliofuata muuaji

Kiswahili kilifika Kasongo na Kabambare pamoja na misafara ya Zanzibari, ileile iliyobeba pembe na watumwa. Kule Zanzibari, kijijini Fumba, karibu mwaka 1880, alizaliwa binti wa mzee Saad, akapewa jina Mtumwa. Hakupelekwa masomo, aliuza vyungu. Akahamia mjini, akajua kuimba, watu wakamwita Siti, ndiyo kusema bibi wa heshima. Mwaka 1928 alienda mpaka Bombay, India, kurekodi nyimbo kwenye sahani. Wimbo wake mmoja ulisimulia kesi ya Kijiti: aliua mwanamke, akatoroka, na wanawake wawili walioshuhudia ndio wakafungwa. Siti alikufa mwaka 1950. Shaaban Robert akaandika kitabu cha maisha yake. Kijiti alikwepa korti, lakini wimbo haukumwachilia.