Maria Montessori na Kabati Lisilofungwa

Maria Montessori alizaliwa Chiaravalle, Italia, mwaka 1870, akahitimu udaktari Roma mwaka 1896. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto katika San Lorenzo, mtaa wa maskini wa Roma. Wenye majumba walitaka tu watoto wasiharibu kuta wazazi wawapo kazini.

Siku zile dawati lilimbana mwanafunzi asijongee, na kubanwa huko kukaitwa adabu. Nasi twaona wako wanaokuita hivyo hata leo. Yeye aliagiza viti vyepesi, mtoto aweze kuvibeba mwenyewe. Wapinzani walisema vitaangushwa ovyo. Na viangushwe! Kwa kishindo kile mtoto hutambua mwendo wake mbaya, akajirekebisha.

Vifaa vilifungiwa kabatini, ufunguo kwa mwalimu. Siku moja akasahau kufunga. Alipofika akawakuta watoto wamejichukulia. Akadhani ni wizi. Montessori aliona kwamba wanajua kuchagua, akaweka makabati mafupi, yasiyofungwa, ya kimo chao.

Alifariki Noordwijk, Uholanzi, tarehe 6 Mei 1952.