Walter Mittelholzer, rubani aliyepiga picha Kibo kutoka angani

Ukiwa Moshi mjini asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajafunga, kilele cha Kibo unakiona cheupe, na Mawenzi kando yake ni mawe matupu. Wazee wa Uchagani husimulia kwamba Mawenzi alikuwa na tabia ya kwenda kwa Kibo kuomba moto, mpaka Kibo akachoka na kumpiga, ndiyo maana amechongoka vile. Hadithi hiyo ina ukweli ndani yake. Kibo ni mlima wa volkano, na juu kabisa kuna kreta inayoitwa Reusch, yenye shimo la majivu, ambako hadi leo mvuke wenye harufu ya salfa bado unafuka. Barafu iko pale pale jirani. Moto na maji vimekaa nyumba moja.

Mtu wa kwanza kuruka na ndege juu ya nyumba hiyo na kuipiga picha alikuwa Walter Mittelholzer wa Uswisi, tarehe 8 Januari 1930.

Alizaliwa tarehe 2 Aprili 1894 katika mji wa St. Gallen, mtoto wa mwoka mikate. Alijifunza kwanza kupiga picha, urubani ukaja baadaye, na sisi tunaona mpangilio huo unaeleza mengi juu yake. Mwaka 1919 yeye na rubani mwenzake Alfred Comte walianzisha kampuni ya ndege, na kuuza picha zilizopigwa angani ilikuwa sehemu ya riziki yao. Mwaka 1923 alipiga picha za barafu ya Spitsbergen, kaskazini ya mbali. Tarehe 7 Desemba 1926 aliondoka Zürich kwa ndege inayotua majini, akafuata mto Nile na maziwa makuu ya kwetu, akafika Cape Town tarehe 21 Februari 1927. Siku 77 njiani. Leo safari hiyo ni ya usiku mmoja tu.

Safari iliyomleta Kilimanjaro ilikuwa ya tajiri wa Vienna, Baron Louis von Rothschild, aliyetaka kuwinda Serengeti. Walikuja na ndege aina ya Fokker yenye injini tatu. Kibo kina urefu wa mita 5,895, na ndege za wakati ule hazikuwa na chumba cha kuhifadhi hewa. Huko juu hewa ni nyepesi, injini hupungua nguvu, na baridi hukaza vidole. Katika hali hiyo mtu anatakiwa ashike kamera na apige.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Barafu inarudisha mwanga mwingi sana, na mawe meusi ya volkano yanaumeza. Ukiruhusu mwanga unaofaa mawe, barafu inaungua na kuwa doa jeupe lisilo na mstari wala ufa. Ukipima kwa ajili ya barafu peke yake, kreta inakuwa giza. Mpiga picha wa filamu hakuwa na kioo cha kumwonyesha matokeo papo hapo. Alitegemea jicho na uzoefu wake, akachagua kiasi cha mwanga kinachovumiliwa na pande zote mbili, na kujua kama amepata au amekosa ilikuwa mpaka filamu isafishwe.

Msikilizaji mwenye simu anaweza kujaribu jambo hilo hilo jioni, ukiwasha moto kando ya mto au mfongo. Gusa kioo cha simu pale penye mwanga mkali, kisha punguza mwanga taratibu hadi ndimi za moto zionekane. Usisubiri giza liingie kabisa. Mbingu ikiwa bado na mwanga kidogo, maji nayo yataonekana.

Mittelholzer alitoa kitabu juu ya safari ile mwaka huo huo wa 1930. Vitabu vyake vina lugha ya enzi za ukoloni, na anayevisoma leo atakwazika mahali pengi. Picha zimedumu vizuri kuliko maneno. Mwaka 1931 kampuni yake iliungana na nyingine na kuwa Swissair, naye akawa miongoni mwa viongozi wake. Alifariki tarehe 9 Mei 1937, akiwa na miaka 43, na si kwa ajali ya ndege: alikuwa akipanda milima kwa miguu huko Austria.

Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa karibu kilomita za mraba 12. Mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya 2. Hofu ya wengi ni kwamba ikiisha, mifongo itakauka, lakini maji mengi ya mteremkoni yanatokana na mvua ya msituni, kwa hiyo wa kulindwa kwanza ni msitu. Kwa barafu yenyewe, picha za 1930 zimekuwa ushahidi wa mpaka wake ulipokuwa. Zimehifadhiwa katika maktaba ya chuo kikuu cha ETH mjini Zürich, na zinatazamwa bure kwenye intaneti, hata kwa simu. Tafuta jina lake pamoja na neno Kibo, kisha toka nje asubuhi uulinganishe na mlima.